Klosa asiye na uongozi wa kulinda: kisa cha Troy Percival na UC Riverside

Katikati ya 2014 chuo kikuu cha UC Riverside, kusini mwa California, kilimtangaza kocha mkuu mpya wa besiboli, na jina lenyewe halikuwa la kutafuta kwenye makabrasha. Troy Percival. Mtu aliyefunga mechi ya mwisho ya Worldi Sirizi ya 2002, ile fainali ya ubingwa wa besiboli Marekani, sevu 358 kwenye ligi kuu ya Marekani, olstaa (kikosi cha nyota) mara nne, na juu ya hayo yote ni mtoto wa chuo hichohicho. Ukisoma hivyo unasema basi, kazi imeisha, vijana wamepata mtu. Miaka sita baadaye akaachia ngazi bila kuifikisha timu kwenye mashindano ya taifa hata mara moja. Nimekaa na hiki kisa muda mrefu kwa sababu majibu mawili ambayo watu hupenda kuyatoa, kwamba "mchezaji mkubwa hawezi kuwa kocha" au "chuo kilimwangusha", yote mawili nayaona ya kivivu.

Ngoja kwanza nieleze klosa ni nani, maana mdau wa mpira wa miguu hapa ndo anapotea. Besiboli ina iningi 9, yaani zamu tisa za kupiga kwa kila timu. Pitcha ni yule anayemrushia mpigaji mpira. Pitcha wa kuanza anatupa iningi tano, sita, akichoka wanaingia wa akiba wanaokaa bulipeni, kile kijieneo cha pembeni cha kupashia misuli. Wa mwisho wao, anayeingia iningi ya 9 timu ikiwa mbele kidogo, ndo klosa. Fikiria mchezaji anaingizwa dakika ya 85 timu inaongoza 2-1, mabao wamefunga wengine, jasho limetoka kwa wengine, yeye kazi yake ni moja tu, lisiingie goli. Akifanikiwa anaandikiwa sevu. Kanuni ya sevu iliingia rasmi 1969, mwaka uleule Percival kazaliwa, pale Fontana, California. Kawaida inatakiwa aingie timu ikiongoza kwa pointi zisizozidi tatu, amalize mechi, ushindi ubaki.

Sasa shika hili neno, kuongoza. Klosa hapewi kazi mpaka wenzake wawe wameshaitafuta ile pointi ya ziada. Timu ikiwa nyuma kwa tano yeye kajifunika koti bulipeni, anatafuna mbegu za alizeti. Ni kazi ngumu sana, sikatai, presha yake inaua watu, lakini ni kazi ambayo kabla hujaigusa kuna watu wameshakuandalia meza. Hiyo ndo hoja yangu yote kuhusu Riverside na nitairudia.

Twende nyuma kidogo. Percival alipotoka UC Riverside 1990, Angels, klabu ya ligi kuu ya palepale kusini mwa California, walimchukua raundi ya 6 ya drafti, pale klabu zinapochagua vijana kwa zamu, na hawakumchukua kama pitcha. Alikuwa kecha, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na mavazi yote ya kujikinga. Wakampeleka Boise, Idaho, timu yao ya ngazi za chini, akapiga wastani wa .203, yaani kwenye majaribio kumi anapata mbili tu, na hizo mbili zenyewe za kubembeleza. Kwa namba hiyo vijana wengi wanapewa tiketi ya basi la kurudi kwao. Ila mkono wa kecha huwa unaonekana, maana kila akirudisha mpira, kila akimrushia mwenzake wa besi ya pili, kimojawapo cha vituo wanavyokimbilia wapigaji, watu wanauona. 1991 wakamrudisha Boise ileile, safari hii kama pitcha. Iningi 38 na ushee, straikauti 63, yaani wapigaji aliowatoa kwa mipira yake mwenyewe, sevu 12. Miezi kumi na miwili tu imepita na ni mtu mwingine kabisa.

Mimi hapo ndo naona mbegu ya ukocha wake, kuliko kule kwenye Worldi Sirizi. Jamaa anajua kwa mwili wake mwenyewe kwamba kijana anaweza kuwa hovyo kwenye nafasi moja na moto kwenye nyingine, na kwamba tofauti ni mtu mmoja tu wa benchi aliyekuwa na macho. Kwenye besiboli ya chuo hiyo ni mali. Vijana wakali kabisa wa California wanachukuliwa na timu za kulipwa wakitoka sekondari, wanaofuata wanabebwa na vyuo vyenye majina, halafu wanaobaki ndo unawagombania wewe. Huwezi kununua, unabuni. Unamwona shortstopu, mdakaji wa kati ya besi ya pili na ya tatu, asiyejua kupiga unajiuliza, huyu mkono wake ukoje?

Alipanda ngazi mpaka 1995 akafika ligi kuu. Mwaka wa kwanza hakuwa klosa, alikuwa anatupa iningi ya 8 kumwandalia Lee Smith, mkongwe aliyekuwa kinara wa sevu wa nyakati zote. Iningi 74, straikauti 94, wastani wa kuruhusu pointi 1.95 kwa kila iningi 9. Mpira wa kasi wa maili 95 na zaidi kwa saa, hiyo ni zaidi ya kilomita 150, na umbali kutoka kwa pitcha mpaka kwa mpigaji ni mita 18 na nusu hivi, kwa hiyo mpigaji ana kama sekunde 0.4 za kuona, kuamua na kuzungusha gongo. Na Percival alikuwa na ile sura, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi, macho kayakunja anamkodolea kecha kama mtu anayesoma daftari la deni. Wapigaji walidhani ni ubabe, kumbe sehemu yake ni macho tu kutoona vizuri mbali. Hebu simama pale ukijua anayekurushia kitu cha kilomita 150 haoni sawasawa.

1996 Smith akauzwa Cincinnati, kiti kikawa cha Percival, sevu 36. Kuanzia hapo mpaka 2004 hakushuka chini ya 27 kwa msimu. Jumla kwa Angels 316, rekodi ya klabu.

Inabidi niseme kitu kuhusu hicho kiti. 1986 Angels walikuwa wanaongoza fainali ya ligi yao 3-1 dhidi ya Boston, mechi ya tano wakaingia iningi ya 9 wakiwa mbele 5-2, imebaki straiki moja tu, mpigaji aukose mpira mmoja, waende Worldi Sirizi kwa mara ya kwanza. Pitcha wa akiba Donnie Moore akapigwa homrani, mpira unaopaa mpaka nje ya uwanja na kuleta pointi, na Dave Henderson wa Boston. Wakapoteza ile mechi, wakapoteza na zilizofuata. Moore alizomewa miaka mitatu, 1989 akajiua. Maisha yake yalikuwa na mengine mengi mazito, sitaki kusema homrani moja ndo ilimuua, watu wanapenda kurahisisha. Lakini jua kwamba mwaka mmoja baada ya hapo ndo Percival anachukuliwa na klabu hiyohiyo, kijana wa palepale, kwao Moreno Valley hadi uwanja wa Angels kule Anaheim ni mwendo wa saa moja kwa gari kama foleni imekuhurumia. Alikuwa na miaka 17 wakati Henderson anapiga. Kila alipokuwa anatoka bulipeni, uwanja mzima ulikuwa unakumbuka kitu.

Sasa 2002, na hapa nitakaa.

Angels waliingia Worldi Sirizi kwa mara ya kwanza tangu klabu ianzishwe 1961. Wapinzani San Francisco Giants wenye Barry Bonds, mtu aliyekuwa ametoka kupiga homrani 73 mwaka uliotangulia. Timu zilikuwa zinamwogopa mpaka zinaona bora zimpe besi ya bure kuliko kumrushia. Msimu ule alipewa besi za bure 198, na 68 kati yake ni za makusudi kabisa, kecha anasimama pembeni ananyoosha mkono, tupa huku mzee, tusihangaike.

Mechi ya pili, Oktoba 20, Anaheim. Ilikuwa vurugu, timu zinapokezana pointi kama mchezo wa mtaani. Iningi ya 8 Tim Salmon wa Angels anapiga homrani ya pointi mbili, 11-9. Anaitwa Percival. Wa kwanza auti, yaani katolewa, wa pili auti, ya tatu ndo inamaliza iningi. Anakuja Bonds. Hakuna mtu kwenye besi. Watu wote mle ndani wanajua dunia nzima inampa huyu mtu besi ya bure. Percival kakunja macho, karusha mpira wa kasi, na Bonds kaupiga ukaenda mpaka kule juu majukwaa ya kulia, walikadiria futi 485, karibu mita 148. Kuna picha za wachezaji wa Angels wenyewe wameduwaa midomo wazi, wapinzani lakini wamesahau.

11-10. Percival akachukua mpira mwingine. Benito Santiago akapiga kipira cha kupaa kisicho na maana, auti, mechi imeisha, sevu.

Watu wanalikumbuka bao la Bonds tu. Mimi nakumbuka hesabu. Unaongoza kwa mbili, besi tupu, auti mbili. Bonds akipiga homrani bado unaongoza kwa moja. Ukimpa besi ya bure, anayefuata akipiga homrani mmelingana. Kwa hiyo mpe mpira, mwache apige mbali atakavyo, ni pointi moja tu hata kama umedondokea mwezini. Hili ni somo zuri mno kwa pitcha wa miaka 19 mwenye ujivuni, kwamba kupigwa na kushindwa si kitu kimoja. Na lingine ni lile la Santiago, sekunde arobaini baada ya aibu kubwa kuliko zote za maisha yako unatakiwa urushe mpira kama hakuna kilichotokea. Klosa mzuri ni msahaulifu. Ni sifa ya kazi.

Mechi ya sita Giants waliongoza 5-0 mpaka iningi ya 7, wanahitaji auti nane tu wawe mabingwa, Scott Spiezio wa Angels akapiga homrani ya pointi tatu, iningi ya 8 Darin Erstad akapiga yake, halafu Troy Glaus akampiga klosa wa Giants, Robb Nen, mpira wa besi mbili ukaleta pointi mbili. 6-5. Percival akafunga iningi ya 9. Hapo mtazame na Nen. Bega lake lilikuwa limeharibika na akaendelea kurusha tu kwa ajili ya timu, baada ya usiku ule hakuwahi kutupa tena ligi kuu, upasuaji baada ya upasuaji wapi. Sevu 314 zimeishia pale. Maklosa wawili, iningi mbili zinazofuatana, mmoja ndo kazi yake imekufa na mwingine anakwenda kuwa shujaa wa mji. Ukiniambia hiyo ni akili ya ukocha nitakuuliza bega la Nen lilikosea wapi.

Oktoba 27, mechi ya saba. John Lackey, mgeni wa ligi, katupa tano. Brendan Donnelly katupa mbili. Francisco Rodriguez, kitoto cha miaka 20 kilichopandishwa Septemba tu, katupa ya 8. Pointi tatu za ziada kazileta Garret Anderson kwa mpigo mmoja wa iningi ya tatu. 4-1, ndo anaitwa Percival. Akaruhusu wawili wakakaa kwenye besi, uwanja umekaba roho, 1986 imefufuka, halafu Kenny Lofton akainua mpira katikati, Erstad akaudaka. Kwisha. Sevu ya tatu ya sirizi, ya saba ya mtoano.

Hesabu ni wangapi walishika mpira kabla haujamfikia. Simpunguzii. Lakini ndo kazi ilivyo.

Kilichofuata kinaenda haraka. Rodriguez alikua, Angels wakaona klosa wa kesho wanaye ndani tena wa bei rahisi, Percival akaondoka baada ya 2004. Detroit wakampa miaka miwili kwa dola milioni 12, akapata sevu 8, misuli ya mkono ikachanika, 2006 hakutupa kabisa wakati timu yake inacheza Worldi Sirizi. 2007 Angels walimrudisha kama mwalimu wa mapitcha wa timu za chini, na huko anafundisha watoto akajikuta anarusha bila maumivu, basi akarudi uwanjani na St. Louis, mechi 34, wastani 1.80. Mwalimu kaenda kufundisha akapona mwenyewe. Napenda sana hiki kipande, na ndo mara ya kwanza tunamwona kwenye kazi ya kufundisha.

2008 Tampa Bay Rays, timu iliyokuwa imefungwa mechi 96 mwaka uliopita, ikamchukua awe mkubwa wa bulipeni ya vijana. Sevu 28, namba nyingine za wastani tu, mwili unadai. Rays wakaushangaza ulimwengu wakafika Worldi Sirizi. Percival hakuwekwa kwenye kikosi cha mtoano. Na aliyemaliza mechi ya saba ya fainali ya ligi yao dhidi ya Boston ni David Price, ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa bado anatupa mpira wa chuo pale Vanderbilt. Kijana wa chuo kachukua iningi ya 9 na mkongwe yuko pembeni anapiga makofi. 2009 bega likakataa, akaenda nyumbani.

Nyumbani maana yake Riverside. Fontana, Moreno Valley, Riverside, vyote viko karibu karibu. Kwa hiyo 2014 chuo kilipompigia alikuwa jirani. Hela hakuwa anaitafuta, nadhani hilo liko wazi. Januari 2015, wiki chache kabla ya msimu wake wa kwanza, kura za Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa magwiji wa besiboli, zikatoka, wapigakura 549, yeye kapata 4. Asilimia 0.7, jina linaondolewa kwenye orodha moja kwa moja. Mwaka uleule wameingia Randy Johnson na Pedro Martinez. Sijui kama ilimuuma, ila kama nilikuwa mimi ningefurahi kuwa na watoto 35 wa kushughulika nao.

Sasa tuingie kwenye kisa chenyewe, kilichomsubiri pale.

UC Riverside wana historia, tena si ndogo. Mabingwa wa taifa wa divisheni ya pili 1977 na 1982. Wakapanda divisheni ya kwanza 2001, halafu 2003 na 2007 wakafika mashindano ya taifa, 2007 wakachukua hata ubingwa wa Big West, ligi yao. Baada ya hapo kimya. Na Big West si ligi ya mchezo. Cal State Fullerton pekee wana mataji manne ya taifa, Long Beach State wametoa nyota wa ligi kuu kina Troy Tulowitzki na Evan Longoria, kuna UC Irvine, Cal Poly, UC Santa Barbara, na wote wanavua kwenye bwawa lilelile la kusini mwa California.

Halafu skolashipu. Kipindi hicho timu ya besiboli ya divisheni ya kwanza ilikuwa na kikomo cha skolashipu 11.7. Umeisoma sawa, kumi na moja nukta saba, ndo juu kabisa, kwa kikosi cha watu 35. Unazigawa kwa watu wasiozidi 27, na kila anayepewa asipate chini ya robo. Kwa hiyo kocha anakaa na kikokotoo kama mama anayegawa nyama ya sikukuu, huyu asilimia 40 maana ni pitcha wa Ijumaa, yule mkali wa kuanza, huyu 25, huyu mwambie baba yake aongezee, huyu mchukue bila kitu umpe maneno matamu. Pitcha mkali unamlipa zaidi, halafu miaka mitatu ikitimia anaingia drafti anaondoka na wewe unaanza upya. Na kama chuo jirani kina jina na uwanja mzuri, kijana anayepewa 25 kwako na 25 kwao anakwenda kwao. Kuna na masharti ya kitaaluma ya UC, chuo kikuu cha California, si kila mwenye mkono wa dhahabu anaingia.

Hapo ndo narudi kwenye neno langu. Maisha yake yote ya kulipwa Percival alikuwa anapewa mpira wakati tayari timu inaongoza. Riverside hakuna aliyempa uongozi wowote. Ilibidi aanze iningi ya 1, kila siku, nyuma kwa pointi tatu. Kusajili mwaka mzima, kupiga simu kwa wazazi, alama za darasani, basi la mwendo wa saa tano kwenda San Luis Obispo kucheza na Cal Poly, mechi 56 kwa msimu, Ijumaa Jumamosi Jumapili halafu katikati ya wiki tena, na hizo zote pitcha wako wawe wazima. Kazi finyu kuliko zote kaitoka, kaingia kwenye kazi pana kuliko zote.

Na ile sifa ya usahaulifu inageuka. Kocha hatakiwi kusahau. Lazima ukumbuke kwamba yule dogo alirusha mipira 110 Ijumaa na Jumanne anakuambia yuko fiti na anakudanganya, kwa sababu wote wanadanganya, wana miaka 20. Kwa hili la mikono nina imani naye kuliko kocha yeyote wa kawaida. Mtu aliyechanikiwa misuli, aliyekaa mwaka mzima bila kurusha, aliyemwona Nen, hawezi kumchezea mtoto wa mtu bega lake. Ila kulinda mabega kuna gharama. Ukimpumzisha pitcha wako mzuri Jumapili unaweza kupoteza mechi, na mechi ndo zinahesabiwa, mabega hayaandikwi kwenye msimamo wa ligi.

Watu wa mtandaoni wanauliza, mbona jina lake halikuvuta wachezaji? Jamani. Kijana aliyeanza chuo 2018 alizaliwa 1999 au 2000. Mwaka 2002 alikuwa anajifunza kuvua viatu mwenyewe. Anayemjua Percival ni baba yake. Jina linakufungulia mlango wa sebuleni, mzee anakusimulia mechi ya pili na ile homrani ya Bonds, mnacheka, chai inaletwa, na dogo yuko pembeni anaangalia simu anawaza uwanja wa Fullerton.

Je, chuo kilikosea kumwajiri? Mimi nasema kilimpa nafasi isiyo yake. Tazama alikofanya vizuri kama mwalimu, au hata alikotumiwa hivyo. Angels 2007, mapitcha wa chini. Rays 2008, bulipeni ya vijana. Kote pale alikuwa na kundi dogo na kazi inayojulikana, kuna mtu mwingine juu anahangaika na usajili na bajeti. Kocha wa mapitcha. Ukimweka chini ya kocha mkuu anayejua kusajili, umpe mapitcha 15 na uwaambie wengine wasimsumbue, nadhani tungekuwa tunasimulia kisa kingine. Lakini kocha msaidizi hatangazwi kwa picha kubwa na mfadhili hampigii simu kumpongeza mkuu wa michezo kwa sababu ya kocha msaidizi. Chuo kilitaka jina mbele, na jina mbele maana yake kocha mkuu.

Na yeye pia alikubali, tusimfanye mtoto. Nadhani, na hii ni yangu, mtu ambaye amekaa miaka 14 anasubiri aitwe dakika za mwisho lazima siku moja atake kuishika mechi kuanzia mwanzo. Ningekuwa yeye ningekubali.

Mwisho wake ulikuja na mwaka mbaya kwa kila mtu. Machi 2020 korona ikafunga msimu wa vyuo Marekani nzima, drafti ikakatwa ikabaki raundi tano, na pale Riverside mambo yakawa mabaya zaidi, kukawa na hoja mezani kwamba idara nzima ya michezo ifutwe kuokoa pesa. Si besiboli tu, kila kitu. Sasa jaribu kusajili hapo. Mwambie mzazi mwanao aje kwetu, ila sijui kama mwakani tutakuwepo. Mwaka huohuo Percival akaondoka. Mei 2021 chuo kikaamua michezo ibaki, lakini alishakuwa ametoka.

Kwa hiyo namba zake za ukocha mimi sizipi uzito ambao watu wanazipa. Ninachotaka kujua ni kitu ambacho hakiandikwi popote, ni makecha wangapi wasiojua kupiga walipita mikononi mwake miaka ile sita, na wangapi aliwaita pembeni siku moja akawaambia acha hizo nguo za kukinga, njoo huku, hebu rusha nione.